Maswali Matatu Chini ya Insha

Joselina alifika kwangu saa mbili asubuhi, siku moja baada ya mama yake kufariki. Alikuwa amepanda bodaboda kutoka Katumba na vumbi lilimkaa mpaka kwenye nyusi. Sikuwa namjua. Nilikuwa nimekaa uani napepeta mchele, na nilipomwona anavua viatu nikadhani ni mzazi amekuja kunilalamikia kuhusu mtoto wake, maana wazazi wa siku hizi hawana saa ya kuja wala saa ya kuondoka. Akaniamkia, "Shikamoo mama mdogo," nikashtuka kidogo, kwa sababu wanaoniita mama mdogo ni wachache na wote nawafahamu. Akasema yeye ni mtoto wa Venansia. Akasema Venansia amefariki jana, anazikwa kesho, na kabla ya kukata kauli aliacha agizo kwamba wasifu wake uandikwe na mwalimu Skola wa Mpanda, kwa kuwa walisoma wote chuo na mwalimu Skola ana kalamu. Niliendelea kushika ungo kwa mikono miwili wakati hakuna nilichokuwa napepeta. Kwa karibu miaka thelathini nimeishi Mpanda, na kwenda Katumba ni mwendo ambao mtu anakwenda na kurudi kabla ya chakula cha mchana. Sikuwahi kwenda kumwona yule mwanamke hata mara moja.

Wasifu wa marehemu kila mtu anajua unavyokwenda. Kuzaliwa, elimu, kazi, ndoa, kuugua, ameacha watoto kadhaa na wajukuu kadhaa, Bwana ametoa na Bwana ametwaa. Mtaani kwetu wakifiwa huniita mimi, na nimewaandikia hadi watu niliokuwa siwasalimii. Nina maneno yangu ya akiba: mlevi namwita "mpenda watu", mchoyo namwita "mwangalifu", na mama aliyewatesa wakwe zake wote namwandika "alisimamia familia yake kwa uthabiti". Watu wanalia vizuri tu. Basi nikamkaribisha Joselina, nikampa chai na mihogo ya kuchemsha, nikachukua karatasi. Ni fundi cherehani, mwembamba, na penseli ya kuchorea vitambaa alikuwa ameichomeka kwenye nywele hata katika msiba. Alinitajia mambo ya mama yake taratibu. Kazi yake ilikuwa kulima tumbaku na mahindi, na kwa miaka mingi, kabla hawajapewa uraia, ndiye aliyewaandikia majirani barua za kuomba ruhusa ya kutoka makazini, kwenda hospitali, kwenda kuzika, kwenda kuoa. Watu walisema barua ya Venansia ilikuwa hairudi bila ruhusa. Tulipofika kwenye elimu akanywa chai kwanza. "Hapo unapajua wewe, mama mdogo," akasema.

Ndiyo, napajua. Nilikuwa na miaka ishirini na moja, nimetoka Usevya na sanduku la bati na gunia la mchele wa kwetu, na nilijiona nimefika. Mpanda enzi hizo ilikuwa bado Mkoa wa Rukwa. Chuo chetu kilikuwa kidogo na sasa hakipo tena, majengo yake yamekuwa maghala ya mahindi. Bweni letu la wasichana lilikuwa chumba kimoja kirefu chenye vitanda vya ghorofa, na dirisha lake lilitazama reli, kiasi kwamba treni ya Tabora ikiingia vikombe vyetu vya bati vilitetemeka kwenye rafu. Mimi nililala juu, Venansia alilala chini yangu. Alisema yeye ni Muha wa Kasulu, na hakuna aliyekuwa na sababu ya kumbishia. Alikuwa mfupi, mkimya, mwenye vidole vilivyokakamaa kama vya mtu wa umri mara mbili yake. Chakula cha chuo kilikuwa ugali na maharage yenye wadudu wanaoelea, kwa hiyo Jumapili tulikuwa tunapika wenyewe kwenye jiko la mkaa nyuma ya bweni, mchele wangu na samaki wakavu, migebuka ya ziwani, aliowanunua yeye sokoni, na wakati wa mvua aliingia porini akarudi na uyoga kwenye kanga, akauchambua mmoja mmoja akinionyesha upi unaua. Nilikula uyoga wa mkono wake miezi saba bila hata kuumwa tumbo. Nakumbuka pia jambo moja ambalo sote tulilicheka. Jumamosi tulipokuwa huru kwenda mjini, sisi tulipita getini tukipiga kelele, yeye alikwenda kwanza kwa matroni kuomba karatasi ya ruhusa. Matroni alimwambia Jumamosi haihitaji karatasi. Venansia aliomba hivyo hivyo, akaandikiwa, akaikunja, na akazunguka soko zima ameishika mkononi.

Mwalimu wa insha aliitwa Sikazwe, Mfipa mrefu mwenye kikohozi na suruali iliyopigwa pasi mpaka ikang'aa magotini. Mdomo wake ulikuwa wembe. Kulikuwa na Msukuma mmoja darasani, Masanja, mtu mzima mwenye ndevu, aliyeandika insha kuhusu nyumbani kwao. Sikazwe aliisoma yote kwa sauti, akaikunja, akamwambia, "Masanja, ng'ombe umewataja mara kumi na tisa, mama yako mara moja. Nani alikuzaa?" Darasa lilicheka mpaka madawati yakasogea, na Masanja akaenda kulia nyuma ya choo. Mimi nilicheka kuliko wote, kwa sababu nilikuwa bora darasani na mtu bora hucheka bila wasiwasi. Lakini alijua kazi yake yule mzee. Nilichojua kuhusu insha kabla yake kilikuwa methali mwanzoni, methali mwishoni, na katikati mambo matatu yenye faida na matatu yenye hasara. Yeye alikataza methali. Alisema usiniambie ulihuzunika, niambie mikono yako ilikuwa inafanya nini. Alisema neno moja lisilo la kawaida katika insha ndiyo roho ya insha, na msomaji mzuri ni yule anayeliona. Na alikuwa na sheria yake, ambayo sijaikuta kwa mwalimu mwingine. Tulibadilishana madaftari, na kila msomaji aliandika chini ya insha ya mwenzake maswali matatu. Somo lililofuata mwenye insha alisimama mbele ya darasa akayajibu yote, kwa mdomo. Swali likishaandikwa halifutwi. "Swali zuri," alisema, "linamtoa mwandishi pale alipojificha." Nililinakili neno hilo kwenye jalada la daftari langu kwa wino mwekundu.

Kila mwaka chuo kilikuwa na Siku ya Wazazi, na insha moja ilisomwa mbele ya wageni. Kwa hesabu zangu insha hiyo ilikuwa yangu. Nilikwisha kumwandikia baba barua aje kutoka Usevya, nikamwambia avae koti. Kisha jioni moja nikaenda jikoni kuomba maji ya moto, nikamsikia Sikazwe upande wa pili wa ukuta wa mabanzi anazungumza na matroni, anakunywa chai yake ya bure kama kawaida. Matroni alimuuliza nani atasoma mwaka huu, Skola? Akakohoa kwanza. Akasema Skola anaandika kama mtu anayetandika kitanda cha mgeni, kila kona imenyooka na hakuna aliyelala humo. Akasema huyu mtoto wa Kasulu, huyu Venansia, hajui hata kuweka nukta, lakini anaandika kitanda ambacho watu wamelala. Matroni akacheka. Nilisimama pale na ndoo yangu mpaka mpishi akaniuliza kama nimekuja kuchota maji au kuchota maneno. Ile sentensi ya kitanda sijaisahau mpaka leo. Nikiwa nasahihisha, nikiwa kanisani, nikiandika wasifu wa watu, naisikia. Na ubaya wake ni kwamba ilikuwa kweli.

Wiki iliyofuata Sikazwe alitupa mada: Asubuhi Moja ya Kwetu. Daftari la Venansia likaja kwangu. Sikulitafuta, aliyekuwa anagawa alinirushia tu. Nililisomea kitandani, juu yake, yeye akiwa chini anashona kifungo. Aliandika kuhusu asubuhi ya kipaimara chake. Kipaimara kilikuwa kinafanyika parokiani, mbali na kwao, na watoto walikuwa wametangulia na katekista. Mama yake angefuata. Mama aliamka kukiwa na giza, akaoga, akavaa kitenge chake kizuri ambacho mikunjo yake ilikuwa bado inaonekana kwa kukaa sandukuni, akaenda ofisini kuchukua kibali. Afisa hakuwepo. Mama akakaa kwenye benchi. Jua likapanda, akahama na benchi kufuata kivuli. Mchana mtu akamwambia afisa leo haji. Mama akarudi nyumbani, akavua kile kitenge, akakikunja kwa kufuata mikunjo yake ile ile, akachukua jembe akaenda kwenye tumbaku. Mwandishi alisema haya yote alisimuliwa na mdogo wake aliyebaki nyumbani, kwa kuwa mama mwenyewe hakuwahi kuyataja. Basi, insha iliishia hapo. Nukta zilikuwa pungufu kama alivyosema Sikazwe. Nilipomaliza kusoma nilirudia kuanzia mwanzo, na baada ya hapo nikapata hasira, nikamchukia yule msichana na kifungo chake.

Sasa niseme jambo ambalo kwa miaka yote hii nimekuwa nalisema vingine. Nimewasimulia watu habari ya Venansia mara mbili tatu, na kila mara nimesema niliuliza swali la kawaida, swali la mwanafunzi, bila kujua litaleta nini. Ni uongo. Mjomba wangu alikuwa anapeleka mchele Katumba, kwenye makazi ya wakimbizi wa Burundi, kwa lori la mtu, na mara ngapi alitusimulia kwamba kule watu wana mashamba mazuri na nyumba zimepangwa kwa mistari, ila hawatoki bila karatasi. Nilipofika kwenye neno kibali nilijua palepale. Ile karatasi ya Jumamosi nikaielewa. Kasulu yake nikaielewa. Nilijua pia kwamba mtoto wa mkimbizi hakuwa na nafasi katika chuo kile, kwamba fomu zake lazima zilisema uongo, na kwamba yeye mwenyewe hakuwa ameliona kosa lake. Majina alibadilisha, hata mlima wa Kasulu aliutia ili ionekane ni kwao, lakini neno lile lilimponyoka kwa sababu halikuwa siri kwake. Alikuwa amekua akidhani kila binadamu anaomba karatasi ili atoke kwake, kama vile kila mtu anavyopika kwa moto. Nikachukua kalamu nyekundu. Swali la kwanza: Kibali hicho ni cha nini, na kwa nini mama yako alikihitaji? La pili na la tatu niliweka ya kujaza tu. Na nilijua kwamba Alhamisi makamu mkuu wa chuo angekaa nyuma ya darasa kukagua ufundishaji. Tangazo lilikuwa ubaoni tangu Jumatatu.

Alhamisi Venansia alisimama mbele akiwa amevaa sketi yake iliyofuliwa, anatabasamu kidogo, kwa sababu Sikazwe alikuwa ametangulia kusema insha hii itasomwa Siku ya Wazazi. Makamu alikuwa nyuma na faili lake gotini. Sikazwe alichukua daftari, akatazama chini ya ukurasa, akatazama na nyuma alikokaa makamu. Kisha akasema, "Swali la kwanza tuliruke. Jibu la pili." Sheria yake mwenyewe, aliyotuadhibu nayo mwaka mzima. Nilinyoosha mkono. Nikasema, kwa adabu zote, mwalimu, ulitufundisha swali likishaandikwa halifutwi. Masanja akadakia, sheria ni sheria mwalimu, na darasa likaitikia, kwa kuwa kila mmoja alikuwa na siku yake ya kuaibishwa na hawakutaka mtu asamehewe. Sikazwe alinitazama. Akalisoma swali. Venansia hata hakushtuka. Alijibu haraka, kama mtu aliyeulizwa jina.

"Kibali cha kutoka."

"Kutoka wapi?" nikauliza mimi.

"Nyumbani."

Watu wakacheka. Mmoja akasema, kwani mama yako alifungwa? Mimi nikasubiri wamalize kucheka, nikamuuliza taratibu, nani anaomba kibali kutoka nyumbani kwake. Venansia alitutazama safu kwa safu, kuanzia madirishani mpaka mlangoni. Hakuwa anaogopa bado. Alikuwa anashangaa.

"Nyie hamuombi?"

Kicheko kilianza upya kisha kikakatika chenyewe, maana makamu alikuwa amefunua faili. Hapo ndipo uso wa Venansia ulipobadilika. Sitasema ulibadilika vipi. Mikono yake ilishika sketi pande mbili na kuivuta chini, ikaachia, ikavuta tena. Sikazwe alisema somo limekwisha, na ilikuwa imebaki nusu saa.

Jumamosi aliitwa ofisini, Jumapili akafunga vitu vyake. Aliambiwa arudi alikotoka mpaka mambo yake yatakapoeleweka, na hayakueleweka kamwe. Mimi nilikuwa kitandani juu najifanya nasoma. Alikunja shuka, akakunja kanga, akaingiza daftari la insha katikati ili lisikunjamane. Hakulia wala hakunitukana. Alisimama, uso wake ukawa usawa wa godoro langu, akasema mkaa umebaki nusu ndoo nyuma ya bweni, nisiuache ukaloa. Ndilo neno lake la mwisho kwangu. Jumapili hiyo kulikuwa na nyama chuoni, mara moja kwa mwezi, na mpishi alikuwa amekwisha kupakua kwa idadi ya zamani. Ilibaki sahani moja. Akauliza nani anaitaka. Wenzangu waliona haya, wakatazama meza. Nikaichukua mimi. Ilikuwa na mfupa wenye uboho, nikaugonga kwenye sahani mpaka ukatoka wote.

Siku ya Wazazi nilisoma insha yangu, na baba alikuja na koti. Alipiga makofi mpaka watu wakamtazama. Lakini bado sijafika kwenye jambo ninaloliona baya zaidi. Mwisho wa mwaka Sikazwe alitutaka kila mmoja aandike tafakari: umejifunza nini kuhusu kuandika insha mwaka huu, toa mfano. Ningeweza kutoa mfano wa nukta, au wa methali, au wa ng'ombe wa Masanja. Nikamtoa Venansia. Bado ninayo karatasi ile, imekaa kwenye bahasha ya vyeti vyangu, na Joselina alipokuwa anakunywa chai nilikuwa najua iko kwenye kabati hatua nne kutoka alipokaa. Niliandika kwamba nimejifunza nguvu ya swali. Niliandika kwamba mwandishi asiyemjua msomaji wake hujisaliti mwenyewe kwa neno moja, na nikatoa neno lenyewe. Niliandika: "Insha ya mwenzetu aliyeondoka ilikuwa na uzuri wa hisia, lakini haikuhimili kuulizwa." Haikuhimili kuulizwa. Nilikuwa na miaka ishirini na moja, mchele wa kwetu umejaa tumboni, na mtu ambaye alinichambulia uyoga nilimfanya mfano wa kosa la uandishi. Nilipata alama za juu kuliko mtu yeyote katika historia ya Sikazwe, na chini aliandika kwa mkono wake, "Sasa umejua kuandika. Mungu akusaidie." Nilimfuata ofisini kushukuru. Hakunikaribisha kukaa. Alisema neno lile alikwisha kuliona siku ya kwanza, kabla yangu, na alitegemea kwamba msomaji mwingine akiliona atalipita. Kisha akaniambia nifunge mlango nikitoka.

Nikawa mwalimu. Nimefundisha insha shule tatu, sasa nimebakiza miaka michache kustaafu, na wanafunzi wangu hufaulu. Maswali matatu sikuwahi kuwafundisha. Nilijiambia ni kwa huruma. Wakati mwingine sokoni nilimwona mwanamke mfupi amenipa mgongo anachagua migebuka, nikahama mstari. Huenda katika mara zote hizo hakuwa yeye. Watu wa Katumba walipopewa uraia nilisikia redioni, nikasema moyoni, basi, yamekwisha, kama vile aliyedaiwa alikuwa serikali peke yake.

Turudi uani. Joselina anakunywa chai, karatasi iko mbele yangu, kichwa kidogo kimeandikwa Elimu. Nilikaa na kalamu muda wa kutosha kwa kuku kumaliza mchele uliomwagika kutoka kwenye ungo. Nikaandika: "Marehemu alijiunga na mafunzo ya ualimu mjini Mpanda, ambako alionyesha kipaji cha pekee cha uandishi. Hata hivyo alilazimika kukatisha masomo kutokana na sababu zilizokuwa nje ya uwezo wake." Niliitazama ile sentensi, ikanipendeza, jambo ambalo naona aibu kulisema. Kona zote zilikuwa zimenyooka. Nikamaliza na sehemu nyingine, nikampa asome kama ameridhika. Alisoma bila haraka, kidole kikifuata mstari kama kinafuata pindo la nguo. Kisha akatoa penseli kwenye nywele, akaandika chini ya karatasi yangu, akanirudishia. Moja: Sababu hizo ni zipi? Mbili: Nani mwingine alikuwepo? Tatu: Kwa nini hukuja kumwona?

Nilimuuliza haya ameyatoa wapi, na sauti yangu niliisikia imepanda juu kama ya msichana. Akasema ndivyo mama yao alivyowalea. Mtoto akiandika kitu, mama alisoma, akaweka maswali matatu chini, na mtoto alijibu akiwa amesimama. Akasema mama yake alimweleza yote kitandani, jina langu na rangi ya wino.

"Alisema nikupe karatasi uandike," akasema. "Alisema ukiandika ilivyokuwa, nikushukuru kwa niaba yake. Ukiandika vingine, nikuulize. Mimi nakuuliza, mwalimu."

Lile neno mama mdogo lilikuwa limekwisha kuondoka kinywani mwake. Nilishika kalamu. Maneno yalikuwepo, ni uongo kusema yalinikimbia, yalikuwepo yote kwa mpangilio na hata nukta zake niliziona. Nikasema kwamba msibani si mahali pa mambo kama hayo. Nikasema tumwache marehemu apumzike, wageni ni wengi, padri atakuwepo. Joselina alinisikiliza mpaka mwisho, akaikunja karatasi, akasema sawa mwalimu, tunashukuru kwa chai. Akavaa viatu vyake.

Nilikwenda kuzika. Nisingeweza kutokwenda, nilikuwa mwandishi wa wasifu na jina langu lilikwisha kutajwa kwenye ratiba. Nilikaa na akina mama kwenye mikeka, nimejifunga kanga nyeusi. Watu walikuwa wengi kuliko nilivyotegemea, wazee wengi waliovaa makoti ya zamani, na mmoja karibu yangu alikuwa anamwambia jirani yake kwa Kirundi na Kiswahili kwamba barua ya marehemu ndiyo iliyomtoa kwenda kumzika kaka yake Tabora. Kijana wa kwaya alisoma wasifu. Alisoma vizuri. Kuzaliwa, wazazi, kubatizwa, maneno yangu neno kwa neno, na watu wakaitikia kwa kichwa. Akafika kwenye elimu. Akasoma kwamba marehemu alijiunga na mafunzo ya ualimu mjini Mpanda. Kipaji cha pekee kilibaki. Halafu sauti ya kijana ikapunguza mwendo, maana mwandiko ulikuwa umebadilika na kuwa wa penseli. "Aliondolewa chuoni," akasoma, "baada ya mwenzake aliyelala kitanda cha juu yake kumuuliza mbele ya darasa swali ambalo jibu lake alikuwa analijua." Hakukuwa na jina. Akaendelea na kilimo cha tumbaku, na barua, na watoto, na wajukuu, Bwana ametoa na Bwana ametwaa. Nilibaki natazama miguu yangu. Nilijiambia hakuna anayejua, hapa hakuna anayenijua kwa sura isipokuwa Joselina, imepita.

Baada ya kaburi kufunikwa mwongoza ratiba akaanza kuita watu waweke mashada. Mume na watoto. Wajukuu. Majirani. Jumuiya ndogo ndogo. Wanakwaya. Kisha akatazama karatasi yake, na Joselina alikuwa amesimama pembeni yake na maua machache ya karatasi mkononi. Akasema, "Sasa tunaomba waliosoma na marehemu chuo cha ualimu."

Hakuna aliyeinuka. Mtu mmoja aliweka sepetu chini. Akarudia mara ya pili, akaongeza, kama wapo, maana ratiba inasema yupo mmoja. Nilisimama. Goti lilipiga kelele. Akina mama waliokaa mbele yangu waligeuka, wakanitazama kutoka miguuni mpaka kwenye kanga, kisha mmoja baada ya mwingine wakakunja miguu yao kunipisha, na njia ikawa wazi mpaka kaburini. Joselina akanipa ua. Nilibaki nimesimama pale mbele ya watu wote, mikono yangu inavuta kanga pande mbili, nikisubiri, na hakuna aliyeniuliza kitu.